Mkasi wa Fundi Imeandikwa

Mtu aliyetaka kuona uangalifu alipaswa kumtazama Fundi Imeandikwa akikata kitambaa cha kochi. Alikitandaza juu ya meza ndefu, akakilainisha kwa kiganja, akakizunguka kama mnunuzi anayekagua gari lenye kutu. Alitafuta ua lilipoanzia na lilipoishia. Alipima kwa futi, akaweka alama kwa chaki, akapima tena, ndipo mkasi ukashuka kwenye kitambaa.

"Ukikata ua katikati," aliwaambia wateja, "kochi zima linakuwa na makengeza."

Hapo alisema kweli. Ilikuwa mojawapo ya kweli chache alizozimiliki, na hakuwahi kuitumia nje ya meza ile. Kwa maana mtu huyuhuyu, akishaweka chini mkasi wa kitambaa, alishika mkasi mdogo wa karatasi, akafungua Biblia, akaanza kuchinja.

Chini ya meza kulikuwa na kikasha cha bati kilichowahi kuwa cha biskuti. Ndani yake alipanga vikadi alivyovikata kwenye maboksi ya vitambaa, kila kimoja upana wa vidole viwili, na juu ya kila kikadi alinakili aya kwa kalamu ya buluu. Aya iliyotosha ilikuwa na bahati yake. Isiyotosha ilikatwa pale kadi ilipoishia, kama mguu wa suruali. Jina la msemaji hakuliandika, lingekula nafasi. Alichoulizwa msemaji hakukiandika, nacho kingekula nafasi. Kwa hiyo ndani ya bati lile Mungu na shetani, nabii na mpumbavu, mfalme na mwizi walilala wamebanana kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, na kila asubuhi Fundi alitia mkono bila kutazama, akachomoa yeyote aliyeshikika, akampa cheo cha Roho Mtakatifu.

"Bwana amesema nami," alitangaza, huku akipuliza chai.

Jina la Imeandikwa alipewa na majirani kwa sababu hakuweza kusema hata "karibu kiti" bila kulitanguliza neno hilo. Alilipokea kama nishani. Haikumpitia akilini kwamba waliompa walikuwa wakicheka, na walipocheka mbele yake alidhani ni furaha ya wokovu.

Siku moja mteja wake, muuguzi mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, alisimama mlangoni mwa karakana mikono kiunoni.

"Fundi, uliniambia Jumatatu. Jumatatu gani, ya mwaka gani?"

"Mama yangu, imeandikwa: kwa kila jambo kuna majira yake."

"Haya. Na majira ya kochi langu yameandikwa wapi?"

"Uwe na subira."

"Subira ninayo, baba. Mahali pa kukalia ndipo sina. Watoto wanaangalia televisheni juu ya ndoo!"

Kochi lilipotoka hatimaye, muuguzi alilibonyeza kwa ngumi. Ngumi ikazama, halafu ikakutana na kitu kigumu. Akabonyeza pembeni. Huko nako kulikuwa na uvimbe. Fundi alikuwa amejaza mabaki ya vitambaa mahali pa sponji.

"Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi," Fundi akasema kwa upole.

"Sihukumu, Fundi. Nabonyeza."

Maneno yale alionywa nayo mtu anayetaka kutoa kibanzi kwenye jicho la mwenzake ilhali lake lina boriti, na boriti ya Fundi ingetosha fremu ya viti vitatu. Lakini boriti haikuwa kwenye kadi. Kadi iliishia pale kwenye "ninyi".

Mkewe alikuwa mtu wa aina nyingine. Hakuwa msomi wala mhubiri. Alisoma Biblia kwa namna alivyoosha vyombo: alianza juu ya rundo, akashuka, hakuruka sufuria. Sura ya majina yasiyotamkika aliisoma. Sura ya vipimo vya hema aliisoma. Kama mtu alisema jambo katika sura ya nne, alitaka kujua katika sura ya tano aliyeambiwa alijibu nini. Kuishi na Fundi kulikuwa kama kukaa na mtu anayeingia jikoni, anakatiza maongezi, anashika neno moja na kutoka nalo mbio barabarani.

Jirani yao, mtunza stoo mzee, alipostaafu, Fundi alimpelekea kadi mbele ya wageni wote: "Pumzika basi, ule, unywe, ufurahi." Watu wakapiga makofi. Mzee akatokwa na machozi. Kadi ikatiwa kwenye fremu, ikatundikwa ukutani juu ya kitanda chake.

"Baba, umempa nini yule mzee?" mkewe akauliza wakirudi nyumbani.

"Neno."

"Neno la nani?"

"La Bwana. Luka, kumi na mbili."

"Ni la yule tajiri, anajisemea mwenyewe baada ya kupanga kujenga ghala kubwa. Mstari unaofuata Mungu anamwita mpumbavu. Anamwambia usiku huohuo wanataka roho yake. Na wewe umemtundikia mtu wa watu juu ya kitanda!"

Fundi alisimama njiani, akavuta pumzi kama mtu anayevumilia mateso kwa ajili ya imani.

"Mama, usinipotezee upako. Biblia yote ni Neno."

"Yote, ndiyo. Wewe unampa mtu kipande."

Tangu siku ile mama huyo alipokwenda kwa jirani hakupita karibu na chumba cha kulala.

Fundi alikuwa na kaka mmoja tu, seremala, na kisa chao chafaa kusimuliwa taratibu kwa sababu ndicho kilichokuja kumkaba koo. Karakana waliianzisha pamoja. Kaka alitengeneza fremu kwa mbao ngumu, mdogo akazivika. Kochi la kwanza walilolimaliza hawakuliuza. Kaka alilichukua nyumbani kwake, na mke wake akalipanga sebuleni kama mtoto wa kwanza. Siku hizo walifanya kazi wakicheka, na mara nyingi aliyecheka zaidi alikuwa Fundi mwenyewe, kwa sababu kaka yake alikuwa na mzaha wa polepole uliofika baada ya mtu kusahau.

Kisha kaka akapata kazi ya kufundisha useremala katika chuo cha ufundi. Aliaga vizuri. Akaahidi kuendelea kuleta fremu siku za mapumziko. Fundi, badala ya kumpa mkono, alimpa kadi. "Mtu aliyetia mkono wake kulima, kisha akaangalia nyuma, hafai kwa ufalme wa Mungu."

Kaka aliisoma, akaigeuza kuona kama upande wa pili kuna mzaha. Hakukuwa na mzaha.

"Mdogo wangu," akasema, "aliyeambiwa haya alitaka kumfuata Yesu. Mimi naacha kutengeneza makochi."

"Imeandikwa, kaka."

Basi ufalme wa Mungu ulikuwa na cherehani mbili, rundo la sponji na bango la rangi nyekundu mlangoni. Kaka aliondoka, na fremu hazikuletwa. Miaka ikapita wakisalimiana kama watu wanaopishana benki. Fundi alianza kununua fremu za mbao laini zilizolia mtu akikaa. Hata hivyo randa ya kaka yake aliiacha kwenye msumari wake ukutani, hakumwazima mtu, na siku za kufanya usafi aliifuta vumbi mwenyewe. Hilo lisemwe pia, kwa sababu ni haki yake. Alimpenda. Alikuwa tu hajui kumpenda mtu bila kumsomea kitu.

Bango la mlangoni lilikuwa aya aliyoipenda kupita zote: "Ujapokuwa huo mwanzo wako ulikuwa ni mdogo, lakini mwisho wako ungeongezeka sana." Ayubu, nane, saba. Aliiweka kwenye risiti, akaiweka kwenye kadi, akawapa maharusi na wenye maduka mapya. Kama ungemuuliza nani aliyesema maneno hayo, angekutazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayeuliza nani aliyeumba jua.

Ndipo mtoto wa pekee wa kaka yake, kijana fundi umeme, akapigwa na umeme kazini akafa.

Siku ya mazishi Fundi alisimama nyuma kabisa, na kaka hakumwona. Maneno yalianza kuzunguka palepale makaburini: kijana alikuwa amekunywa, kijana hakuzima swichi kubwa, kijana amejiua mwenyewe kwa uzembe. Waliosema hivyo walisema kwa kunong'ona, lakini kunong'ona kwa watu wengi ni kelele, na baba mtu alisikia yote.

Baada ya siku chache shemeji yake alipiga simu. "Kaka yako anakuulizia. Amesema, mdogo wangu yuko wapi? Njoo, shemeji. Njoo ukae naye."

Fundi alikaa juu ya rundo la sponji, akalia kama mtoto. Alijua kabisa alichopewa. Mlango uliofungwa miaka yote umefunguliwa upana wa mtu mmoja, na akiuharibu safari hii hautafunguliwa tena.

"Nenda," mkewe akamwambia. "Kaa naye. Kikasha kiache hapa."

"Nitaendaje mikono mitupu kwenye msiba?"

Akatia mkono kwenye bati. Alipofungua kiganja, uso ukang'aa. "Ona! Ona, mama! Ayubu! Katika kikasha kizima, Bwana amenipa Ayubu, mtu wa msiba. Na aya ya mlangoni kwetu, tulipoanza wote wawili. Hii si bahati."

Mkewe aliacha anachofanya. "Hiyo anasema nani?"

"Kitabu cha Ayubu, mama. Anasema nani tena?"

"Soma sura yote kabla hujaondoka. Ni ukurasa mmoja. Anzia juu."

"Watu wananingoja."

"Ukurasa mmoja, baba!"

Lakini hakuwa na nafasi. Nafasi ya kupiga viatu rangi aliipata, akavipiga mpaka vikang'aa.

Sebule ya kaka ilijaa walimu wenzake wa chuo na majirani. Katikati, kwenye kochi lile la kwanza, alikaa kaka mwenyewe, amepungua mpaka shati linamning'inia. Kitambaa cha kochi kilikuwa kimechakaa, lakini fremu haikutoa mlio hata mmoja aliposimama.

"Mdogo wangu. Umekuja."

"Nimekuja, kaka."

Wakakumbatiana. Kaka hakumwachia haraka. Kisha akamvuta wakakaa bega kwa bega, na shemeji, aliyekuwa akipita na birika la chai, aligeuza uso ajipanguse macho. Kwa muda mfupi kila kitu kilichovunjika kati ya wale wawili kilikuwa kimekaa sawa. Mtu mwenye akili ya kuku angetambua kwamba kazi imekwisha na kilichobaki ni kufunga mdomo.

Fundi alitia mkono mfukoni.

"Kaka, nina neno lako."

"Liache kwanza."

"Ni fupi."

Lilikuwa fupi kweli, vidole viwili. Akasimama, kwa sababu hakujua kusoma ameketi, akakohoa, akatafuta ile sauti yake ya mimbarani. "Imeandikwa: Ujapokuwa huo mwanzo wako ulikuwa ni mdogo, lakini mwisho wako ungeongezeka sana. Amina?"

"Amina," wakaitikia wawili watatu, kwa mazoea.

Kaka hakuitikia. "Rudia."

Fundi alidhani limemgusa. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi na mkono hewani.

"Nani anasema hayo?"

"Bwana."

"Anamwambia nani?"

"Sisi sote, kaka. Ayubu, nane, saba."

Kaka alinyoosha mkono kwenye meza ndogo pembeni yake. Biblia yake ilikuwa hapo, na uzi wa kutia alama ulikuwa katika kitabu cha Ayubu, kwa kuwa tangu azike hakuwa amesoma kingine. Alitafuta kitabu chenye baba kama yeye, akakipata, akakaa humo. Aliufungua ukurasa bila kutafuta, akampa mdogo wake.

"Soma. Anzia juu. Kwa sauti hiyohiyo."

"'Ndipo Bildadi, Mshuhi, akajibu, na kusema,'" Fundi akaanza, na sauti bado ilikuwa nene. Akasoma Bildadi anavyomuuliza Ayubu atasema mambo hayo hata lini. Akasoma swali lake, kama Mungu hupotosha hukumu. Kisha macho yakatangulia mstari mmoja mbele, na midomo ikasimama.

"Endelea," kaka akasema.

"Kaka..."

"Endelea. Si Neno? Si umesema tunaambiwa sote?"

Akasoma. Alisoma kwa sauti ya mtu anayetafuna mchanga: ya kwamba watoto wa Ayubu walimfanyia Mungu dhambi, naye Mungu akawaacha mkononi mwa kosa lao.

Birika la shemeji lilitua mezani kwa kishindo. Mwalimu mmoja, aliyekuwa ameongea mengi kule makaburini, alianza kukagua viatu vyake. Fundi alibaki amesimama na Biblia mkononi, na kila mtu sebuleni akasikia kilichotoka kinywani mwake, mbele ya baba ambaye mwanawe anasemwa kwamba amekufa kwa kosa lake mwenyewe.

"Huyo ndiye uliyeniletea," kaka akasema. Hakupaza sauti. "Bildadi. Anaketi mbele ya mtu aliyezika watoto wake wote, anamwambia walikufa kwa dhambi zao, ila wewe ukiwa safi mwisho wako utakuwa mzuri. Hayo maneno yako matamu yameshikana na hayo, ni pumzi moja. Umetafuta katika Biblia nzima, ukanichagulia huyo."

Fundi akabanwa, na mtu wa aina yake akibanwa hutafuta kipande kingine. "Lakini mwisho wa Ayubu si ulibarikiwa, kaka? Sura ya mwisho! Bwana aliubariki kuliko mwanzo!"

"Ulibarikiwa. Na katika sura hiyohiyo Mungu anamkasirikia Bildadi na wenzake, anasema hawakunena yaliyo sawa. Anawatuma waende kwa Ayubu awaombee. Hapo hukufika, mdogo wangu? Au hapakutosha kwenye kadi?"

Mtu mmoja alicheka kwa pua, akajifanya anapiga chafya.

"Unajua jambo jema pekee walilofanya wale marafiki?" kaka akaendelea. "Kabla hawajafungua midomo walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, asiseme mtu neno, kwa sababu waliona mashaka yake ni makuu mno. Wewe hukunipa hata muda wa chai kupoa." Akaichukua Biblia yake mkononi mwa Fundi, akaurudisha uzi mahali pake. "Nenda nyumbani. Ukiweza kukaa bila kusema, rudi."

Mkewe alipomwona anaingia hakuhitaji kusimuliwa. Alimwekea maji ya kunywa.

"Ulisoma?"

"Nilisoma. Mbele za watu."

"Basi leo umesoma nusu sura," mama akasema, akarudi kwenye vyombo vyake.

Ungetegemea kwamba mtu aliyepata aibu ya namna ile angejifunza palepale. Wapi! Jambo la kwanza alilofanya Fundi, kesho yake, ni kukaa na kikasha chake kutafuta kadi nzuri zaidi. Bildadi alikuwa ajali, alijiambia, zimebaki nyingi. Safari hii aliweka Biblia pembeni, akawa anaitazama kadi, kisha anaitazama sura ilikotoka. Kadi iliyoahidi amani ilikuwa ya manabii wanaokemewa kwa kutangaza amani pasipo amani. Kadi aliyowapa maharusi wengi ilikuwa ya mjomba na mpwa wasioaminiana, wanamwomba Mungu amchunge mmoja asimwibie mwenzake. Nyingine ilikuwa ya shetani. Aliisoma mara tatu, akatazama pembeni kama kuna aliyemwona.

Aliinuka akaenda kwa jirani mstaafu kuomba kadi yake.

"Haitoki hapa!" mzee akasema, akisimama mbele ya fremu. "Hilo neno ndilo linanilaza, Fundi."

Fundi alifungua kinywa amweleze lililofuata, akamtazama mzee katika nguo zake za kulalia, akakifunga. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kujua mstari unaofuata, na hakujua pa kuupeleka.

Alipofika tena kwa kaka yake, mlango ulifunguliwa na kaka mwenyewe.

"Umekuja na nini?"

"Sina kitu."

"Hata kimoja?"

Fundi aligeuza mifuko ikaning'inia nje kama masikio ya mbuzi. Ikaanguka chaki. Ikafuata futi.

"Ingia."

Wakakaa kwenye kochi lao. Watu walikuja, wakatoa pole, wakaondoka. Mara kadhaa midomo ya Fundi ilicheza kama ya samaki kwenye ndoo. Kaka alimtazama tu, nayo ikatulia. Lilikuwa tukio la kuchekesha kumwona mtu mzima akitoka jasho kwa sababu hasemi, na shemeji yake, ambaye hakuwa amecheka tangu msiba uingie, alikwenda jikoni kuficha tabasamu.

Wageni walipopungua, kaka alianza mwenyewe, akitazama ukuta.

"Hakuwa amekunywa," akasema. "Asubuhi ile alinipigia. Aliniambia baba, nyaya za lile jengo ni mbovu, nimewaambia wenye kazi wazime, hawataki. Nikamwambia, wewe fanya tu umalize, uje nyumbani. Mimi ndiye niliyemwambia, mdogo wangu. Fanya tu umalize."

Fundi alikuwa na la kusema. Alikuwa nalo tayari, limepanda mpaka kwenye meno. Mkono wake ulishuka pembeni ya kochi ukashika mshono wa zamani, alioushona mwenyewe enzi zile, akaufuata kwa kidole chini ya mkono wa kochi hadi pale vipande viwili vya kitambaa vilipokutana. Ua lilikuwa zima. Akashikilia hapohapo, akauma meno, na kaka yake akasema yote mpaka mwisho.

"Kesho uje tena," kaka akasema, alipomaliza.

Fundi akatikisa kichwa kukubali.